Vichupa Vilivyopoteza Majina

Mama Wadudu aliporudi kazini baada ya mwezi mzima wa kumuuguza dada yake, alikuta mchwa wamekula mlango wa ofisi ya Mkurugenzi. Waliula kimyakimya, kwa ndani, kama ilivyo kawaida yao, wakaacha rangi tu imesimama. Siku Mkurugenzi alipowakaribisha wageni na kushika kitasa kwa madaha, kitasa kilibaki mkononi na ubao ukamwagika unga miguuni pake. Wageni walicheka. Mkurugenzi hakucheka, na kuanzia saa ile alikuwa anatafuta pa kumalizia hasira.

Akapapata. Nyuma ya karakana ya matrekta, kituo hicho cha utafiti wa kilimo kilikuwa na vipande viwili vya shamba, kila kimoja robo eka. Kipande cha magharibi kilimwagiwa dawa ya kuua wadudu kila msimu. Kipande cha mashariki hakikuwahi kuonja hata tone. Mbegu zilikuwa zilezile, mvua ileile, jembe lilelile. Tofauti ilikuwa dawa tu, ili siku moja mtu aulize dawa inaufanyia nini udongo na ajibiwe. Aliyeanzisha jaribio hilo alistaafu, aliyempokea akafariki, wa tatu akahamishwa. Akabaki fundi wa maabara, mwanamke wa miaka hamsini na sita, aliyechota udongo wa vipande hivyo kwa miaka kumi na tisa, akatoa wadudu waliomo, akawapanga kwa aina zao na kuwahesabu mmoja mmoja. Walinzi wa getini ndio waliompa jina la Mama Wadudu. Lilikuwa la utani, likamkaa.

Barua ya Mkurugenzi ilikuwa na mistari miwili. Mchwa wanatoka kipande cha mashariki. Kimwagiwe dawa chote.

Mama Wadudu aliisoma amesimama, akaisoma tena, kisha akaenda nayo moja kwa moja ofisini, mahali ambapo sasa mlango ulikuwa pazia.

"Mheshimiwa, kutoka kule mpaka hapa ni hatua mia tatu, na lami katikati. Mchwa waliokula mlango wako wanaishi chini ya kiti chako."

"Umewaona?"

"Mume wangu ndiye aliyeutengeneza huo mlango. Aliwaambia mbao isiguse udongo. Mtunza bustani wenu amerundika udongo wa maua mpaka juu ya kizingiti. Mmewatandikia mkeka, halafu mnashangaa wameingia."

Mkurugenzi alicheka, na hicho kicheko ndicho kilichomuudhi Mama Wadudu zaidi ya barua. "Mke wa seremala anatetea mchwa! Haya, mama. Takwimu zako za kila mwaka nazipata. Lakini takwimu zinaandikwa na mtu, na mtu mwenyewe ni wewe, na wewe hao wadudu unawapenda kama wajukuu. Ijumaa saa nne bodi itakuwa hapa. Tuonyeshe kwa macho yetu hicho kipande kina nini. Ukishindwa, dawa inamwagwa."

"Nitawaonyesha vichupa," alisema Mama Wadudu, akatoka akiwa na uhakika kwamba amekwisha shinda.

Vichupa vilikuwa zaidi ya mia tatu, kwenye kabati la chuma mwisho wa maabara. Kila kimoja kilijaa spiriti, na ndani ya spiriti walilala wadudu wa siku moja na kipande kimoja. Ndani humohumo, pamoja nao, kulikuwa na kijikaratasi kilichoandikwa kwa penseli: tarehe, kipande, kina cha shimo, idadi. Lebo haibandikwi nje, kwa sababu gundi huachia. Na haiandikwi kwa wino, kwa sababu spiriti hula wino. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya kazi hiyo, na Mama Wadudu alikuwa na penseli ndani ya kilemba chake hata siku za harusi.

Jumanne asubuhi alifungua kabati. Spiriti ilikuwa ya buluu.

Buluu nyepesi, ya kupendeza, kichupa baada ya kichupa, rafu baada ya rafu. Alikitoa kimoja akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Kijikaratasi kipya, cheupe, kilichokatwa kwa rula, kilielea humo kikiwa hakina hata herufi. Alitoa cha pili. Alitoa cha kumi. Alipofika rafu ya tatu alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua tangu azaliwe.

Mkuu wa kitengo, ambaye kila mtu alimwita Daktari, alikuwa mezani kwake akinywa chai. Miaka kumi na miwili nyuma kijana huyo alikuja pale mwanafunzi, hajui hata kuifungua hadubini. Ni Mama Wadudu aliyemfundisha kushika kibano bila kumponda mdudu. Wakati ule alikuwa akiingia asubuhi na "shikamoo, mama" kabla hajaweka begi chini. Alipokwenda masomoni ng'ambo na kurudi na cheo, shikamoo haikurudi naye.

"Nani amegusa vichupa vyangu?"

"Ah, fundi, karibu. Umeona vinavyong'aa? Zile lebo za zamani zilikuwa zinatutia aibu. Bodi inakuja, halafu mtu akute vikaratasi vya njano kama tiketi za zamani! Ulipokuwa kwa dada yako niliwaweka makarani watatu wiki nzima, wenye mwandiko mzuri."

"Waliandika kwa nini?"

"Kwa kalamu. Kalamu nzuri tu, wino haufutiki kwa maji."

"Kwa maji!" Sauti yake ilifika korido ya pili. "Kwani vichupani umeona maji?"

Daktari alitua kikombe. Uso wake ulibadilika polepole, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka nyumbani. Alikumbuka sheria. Aliikumbuka, tena kwa maneno yaleyale aliyofundishwa, na hilo ndilo lililomfanya Mama Wadudu atamani kumtandika kofi. Asiyejua unaweza kumsamehe. Huyu alijua, akakaa juu ya kiti cha bosi kinachozunguka mpaka akasahau.

"Lebo za zamani ziko wapi?"

"Zilichomwa na takataka." Kisha akajikaza, akakaa sawasawa. "Lakini fundi, nakuomba upunguze sauti. Takwimu zipo kwenye kompyuta. Na kusema kweli, vichupa vilikuwa chini ya dhamana yako."

Matusi aliyokuwa nayo Mama Wadudu mdomoni yalikuwa mengi, na mengine hakuwa anajua kwamba anayajua. Akayameza yote, akatia vichupa viwili kwenye mkoba wake, akaondoka.

Jioni mumewe alimkuta jikoni anakata vitunguu kana kwamba vimemtukana. Mume alikuwa seremala; mchwa walikuwa maadui zake wa maisha, na ndoa yao ya miaka thelathini ilijengwa juu ya utani huo wa adui wa mchwa na mlezi wao. Lakini jioni ile aliutazama uso wa mkewe na kuamua utani usubiri. Akasikiliza yote, mpaka buluu, mpaka kiti kinachozunguka.

"Kesho naenda kumwanika mbele ya watu wote," alisema mke. "Namvua nguo, na ile digrii yake!"

"Usiende."

"Nisiende?"

"Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi. Ukimfokea kabla ya Ijumaa, watasema huyu mama kachanganyikiwa, na mazungumzo yatakuwa juu ya mdomo wako, si juu ya shamba." Alivuta mkoba, akatoa vile vichupa viwili, akaviweka juu ya meza karibu na taa. "Hebu nieleze mimi adui yao. Hiki ni cha kipande gani?"

"Mashariki."

"Lebo si imefutika? Umejuaje?"

"Si unaona mwenyewe kimejaa..." Kisu kikasimama hewani.

Seremala alikichukua kichupa cha pili. Ndani yake kulikuwa na sisimizi wawili na funza mmoja aliyejikunja, basi. "Na hiki ni cha magharibi," alisema, "na mimi sijasoma hata ukurasa mmoja wa mambo yenu. Mke wangu, jina limefutika. Sura je?"

Jumatano kabla jua halijachomoza Mama Wadudu alikuwa shambani na sepeto. Alichota udongo mara sita upande wa mashariki na mara sita upande wa magharibi, akaumimina kwenye faneli kumi na mbili zilizopangwa ukutani mwa maabara. Juu ya kila faneli aliwasha taa. Kazi ya faneli ni rahisi, hata mtoto huielewa: udongo hukauka kuanzia juu, mdudu hukimbia joto na mwanga, hushuka, hushuka, mpaka anapita kwenye wavu na kudondokea kwenye spiriti. Kila mara alipowasha taa zile alijua anaua. Hakujidanganya. Alichukua kiganja kimoja cha udongo ili robo eka iachwe hai, na miaka yote hiyo aliona ni biashara ya haki.

Ijumaa saa nne wajumbe watano wa bodi walikaa kuizunguka meza ndefu ya maabara pamoja na Mkurugenzi. Daktari alikaa mwisho wa meza, amevaa tai. Mbele yao vilikuwepo vichupa hamsini na viwili vimechanganywa: arobaini vya kabatini vyenye lebo tupu, na kumi na viwili vya wiki ile, vyenye lebo za penseli zilizokunjwa mara nne ili zisisomeke.

"Udongo umetoka sehemu mbili," alisema Mama Wadudu. "Naomba mtengeneze mafungu mawili. Sina la kuwafundisha."

Walicheka, watu wazima kupewa mchezo wa chekechea. Mjumbe mmoja mama, mwenye duka la vitambaa, alivuta vichupa vitatu, akaviinua, akaweka kimoja kushoto na viwili kulia. Akavuta vingine. Mkono wake ukashika kasi. Mjumbe mwenye miwani alianza kumsaidia, na baada ya dakika chache kila mtu alikuwa anapanga na hakuna aliyekuwa anacheka. Hapakuwa na cha kubishania. Vya fungu moja ungeweza kusomea gazeti kupitia ndani yake. Vya fungu la pili vilikuwa vimejaa miguu, mabawa, pembe, taya, vitu vyekundu, vyeusi, vyeupe kama chumvi, vingine vimelala juu ya vingine.

"Sasa kunjueni lebo za penseli."

Mama wa vitambaa alizitoa kwa kibano, akazisoma moja moja kwa sauti. Kumi na mbili kati ya kumi na mbili. Hawakukosea hata moja, na hakuna kati yao aliyewahi kumtazama mdudu ila kwa kumkanyaga.

"Hawa ni nani hasa?" aliuliza mwenye miwani, jicho kwenye hadubini.

Hapo Mama Wadudu aliachia, maana alikuwa amejizuia siku tatu. "Huyo mwenye pembe ni mbawakawa wa mavi. Ng'ombe akiangusha mzigo leo, kesho ameshauzika kwenye mizizi, bila mshahara wala likizo. Huyo mweusi mwenye taya anakula viwavi wanaokata miche. Mkimuua yeye na viwavi, viwavi ndio wanaotangulia kurudi, halafu mnarudi dukani kununua dawa nyingine. Hivyo vyeupe vinavyoruka kwa mkia vinakula ukungu, vinageuza majani yaliyooza kuwa chakula cha mmea. Sisimizi wanapindua udongo. Na mchwa, ndiyo, mheshimiwa, mchwa, wanashusha makapi chini na kuacha vijia vinavyopitisha maji. Kamwageni ndoo ya maji magharibi: inasimama kama juu ya sakafu. Kamwageni mashariki: hamtamaliza sentensi. Yupo pia chenene hapo, anakula mizizi, mharibifu, simtetei. Ila wa kumla yeye yumo kwenye kichupa hichohicho. Wamekaa pamoja, wanajuana, wanalana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na humu ndani hakuna aliyewahi kuinama!"

Mkurugenzi alikigeuza kichupa mkononi, na lazima isemwe, alikuwa mtu wa kukubali alichokiona. "Nimekosea," alisema. "Mlango nitatengeneza. Kipande cha mashariki kisiguswe."

Mama wa vitambaa alipiga makofi. Mama Wadudu alitaka kushukuru, lakini macho yake yalikwenda mwisho wa meza. Daktari alikuwa amesimama. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni unatafuta simu, na simu haikutoka, na jasho lilikuwa limemtiririka mpaka kwenye kola.

"Umefanya nini?" aliuliza Mama Wadudu.

"Nilidhani... Jana nilitia sahihi karatasi ya mpiga dawa. Nilijua bila lebo hatuwezi... Nilitaka tusipoteze siku. Nilimwambia aanze saa tatu."

Ilikuwa saa tano na robo. Mtu yule alikuwa amekaa pale saa nzima na zaidi. Aliona vichupa vikipangwa, aliona mafungu yakitengana, alisikia lebo zikisomwa moja moja, na ulimi wake ulikaa mahali pake ukisubiri labda mambo yajitengeneze yenyewe. Mama Wadudu hakumngoja amalize. Alikimbia na viatu vya maabara, kilemba kikamlegea njiani, akapita karakana, akafika.

Mpiga dawa alikuwa anasuuza bomba. Mapipa mawili yalikuwa yamelala ubavu, matupu.

"Shikamoo, mama. Nimemaliza mapema leo," alisema. Kisha akauona uso wake. "Mimi nafuata karatasi, mama. Karatasi hii hapa."

Kipande kizima kilikuwa kimelowa na kunuka dawa. Wale wa chini walikuwa wanapanda juu. Hapo ndipo mtu asiyejua angewaona kwa mara ya kwanza, siku yao ya mwisho: mbawakawa wamelala chali wanapiga miguu hewani, chenene anajisukuma kwa mikono yake mipana na hafiki popote, sisimizi wanazunguka palepale, mchwa weupe wasiopenda jua wametoka juani. Ndege walishaanza kutua. Mama Wadudu aliwarushia madongo, akapiga kelele, akakimbia huku na huku akiwafukuza, maana aliyekula pale naye angekufa. Alifukuza ndege mpaka sauti ikamkauka. Mpiga dawa, aliyekuwa bado hajaelewa, aliweka bomba chini akamsaidia.

Mkurugenzi alifika baadaye na wajumbe nyuma yake. Alisimama ukingoni, viatu vyake safi. "Pole sana, mama. Hii ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ni mti kukuangukia," alisema Mama Wadudu. "Hii ina sahihi."

Maji yakimwagika hayazoleki, na dawa ndiyo kabisa. Kabla ya kuondoka siku ile alichota udongo wa mashariki kiganja kimoja, akautia kwenye faneli, akawasha taa. Hakulia. Mumewe alipomwambia pole, alijibu kwamba pole apewe aliyefiwa, yeye ameibiwa.

Jumatatu asubuhi, taa ikiwa imewaka tangu Ijumaa, Daktari aliingia maabara bila tai. Alisimama karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

Mama Wadudu hakuitikia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuacha shikamoo ya mtu ikaanguka chini, hata ya mlevi. Hii aliiacha. Alizima taa, akakitoa kichupa kilichokuwa chini ya faneli, akakiweka mezani mbele ya kijana. Spiriti ilikuwa safi kabisa. Wafu hawatembei, na asiyetembea hashuki kwenye faneli.

Akakata kijikaratasi kwa mkasi, akachomoa penseli kwenye kilemba, akavisukuma vyote viwili upande wa pili wa meza.

"Andika."

"Niandike nini?"

"Si nilikufundisha? Tarehe. Kipande. Idadi."

Daktari aliandika tarehe. Aliandika: mashariki. Alipofika kwenye idadi alisita, kisha akachora sifuri.

"Na jina la aliyetia sahihi."

Aliinua macho. Aliyakuta ya Mama Wadudu yakimsubiri, akayainamisha tena. Penseli ilikwaruza jina lake taratibu, kwa herufi hafifu.

"Kandamiza, mwanangu," alisema Mama Wadudu. "Tena. Isije ikafutika."

Akaandika upya juu ya mwandiko uleule mpaka karatasi ikatoboka kidogo kwenye herufi ya mwisho. Mama Wadudu aliichukua kwa kibano, akaisoma, akaitumbukiza. Ilizama peke yake mpaka chini ya kichupa, akafunga kizibo, akakipeleka kabatini kwenye rafu ya kwanza, usawa wa macho ya kila atakayefungua.